Mwongozo kamili wa kununua diski ya filamu ya zamani ya Marekani na kuiona inavyostahili

Karibu kila anayeniuliza kuhusu filamu za zamani za Marekani huniuliza pesa ikiwa imeshamtoka. Diski imeletwa na ndugu kutoka Houston, deki inakataa kuisoma. Nyingine inasoma, ila watu wote kwenye picha ni wafupi na wanene. Nyingine ina ukungu, sauti inakwaruza, na muuzaji anasema filamu ya zamani ndivyo ilivyo.

Sivyo ilivyo. Filamu ya 1942 iliyopigwa kwenye mkanda wa milimita 35 ina picha kali kuliko wengi wanavyodhani, kali kiasi kwamba DVD haiwezi hata kuibeba yote. Ukiona ukungu, mara nyingi ukungu huo ni wa nakala uliyouziwa.

Kosa linalojirudia ni moja: watu hununua jina la filamu, ilhali kinachouzwa ni toleo. Jina moja laweza kuwa na toleo lililokarabatiwa fremu kwa fremu, na jingine lililonakiliwa kutoka kanda ya VHS iliyochoka, yote mawili yakiwa na picha ileile ya mwigizaji kwenye kava. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuyatofautisha, kisha kuipanga runinga isiharibu ulichonunua. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka mbili za kwanza, zilizobaki hazitakufaa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Deki yako, pamoja na jina la modeli yake. Limeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini.
- Runinga yenye tundu la HDMI, na rimoti yake halisi. Rimoti za kununua mtaani mara nyingi hazifungui menyu zote za picha.
- Waya wa HDMI. Kwa diski za 4K tafuta ulioandikwa "Premium High Speed" au "Ultra High Speed".
- Simu yenye intaneti na tochi.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani.
- Daftari, au ukurasa kwenye simu, wa kuandika taarifa za filamu kabla ya kwenda dukani.

## Hatua ya 1: Jua deki yako inasoma nini

Kuna aina tatu za diski utakazokutana nazo: DVD, Blu-ray na 4K Ultra HD. Deki ya DVD husoma DVD tu. Deki ya Blu-ray husoma Blu-ray na DVD. Deki ya 4K husoma zote tatu. Haiendi kinyume: diski ya 4K haichezi kwenye deki ya Blu-ray hata uifanye nini.

Kwa kawaida Blu-ray huja kwenye kasha la buluu na 4K kwenye kasha jeusi. Makasha mengi ya 4K yana diski mbili ndani, moja ya 4K na moja ya Blu-ray. Kwa mtu anayepanga kununua deki kubwa baadaye, hayo ndiyo ya kununua sasa.

Wanaotumia mashine za michezo wazingatie haya. PS4 husoma Blu-ray lakini haisomi 4K, hata ile ya Pro. PS5 yenye mlango wa diski husoma 4K. Xbox One S na Xbox Series X nazo husoma 4K. Mashine iliyotoka Marekani ina ukanda wa Marekani, yaani kufuli ya eneo tutakayoieleza hatua ya 2, na iliyotoka Dubai ina ukanda wa huko. Uliza imetoka wapi kabla ya kulipa.

Onyo la umeme. Ukiletewa deki kutoka Marekani, geuza usome kibandiko kabla ya kuichomeka. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230 na wa Kenya ni 240. Kibandiko kikisema "AC 100-240V", chomeka bila wasiwasi, unahitaji adapta ya plagi tu. Kikisema "120V" peke yake, ukichomeka moja kwa moja umeiunguza. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: deki yangu ni modeli fulani, inasoma aina hizi, na imetengenezwa kwa ajili ya soko fulani.

## Hatua ya 2: Linganisha ukanda wa diski na wa deki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Studio ziligawanya dunia katika kanda ili diski ya nchi moja isichezwe nchi nyingine. Kwa DVD, Marekani na Kanada ni ukanda wa 1. Ulaya Magharibi, Ghuba, Misri, Afrika Kusini na Japani ni ukanda wa 2. Afrika Mashariki, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni ukanda wa 5. Namba imechapwa nyuma ya kava, ndani ya alama ndogo ya dunia. Ikiandikwa 0 au "All", diski haijafungwa.

Blu-ray ina mgawanyo wake: A kwa Marekani, Japani na Kusini Mashariki mwa Asia, B kwa Ulaya, Ghuba, Australia na Afrika yote, C kwa India, Urusi na China. Diski za 4K hazifungwi kwa ukanda.

Kutokana na hayo, ushauri wangu kwa msomaji wa Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura ni kuanza kutafuta Uingereza, ingawa filamu ni ya Marekani. Blu-ray ya Uingereza na deki ya soko la kwetu ziko ukanda mmoja, B. Kampuni za huko kama Arrow, Indicator na Eureka, kupitia mfululizo wake wa Masters of Cinema, hutoa filamu za Hollywood kwa uangalifu mkubwa. Criterion, kampuni ya Marekani inayoheshimika kwa kazi hii, nayo imekuwa ikitoa diski za ukanda B huko Uingereza tangu 2016. Kwa Blu-ray, ndugu aliyeko London anakufaa kuliko aliyeko Houston.

Hilo halimaanishi kila diski ya Marekani itagoma. Blu-ray nyingi za Warner hazijafungwa. Blu-ray za Criterion za Marekani zimefungwa ukanda A, lakini diski zake za 4K ziko huru. Angalia mtego uliopo: ukinunua kasha la Criterion la Marekani lenye 4K na Blu-ray ndani, diski ya 4K itacheza na ya Blu-ray itagoma. Kwa mwenye deki ya Blu-ray tu, kasha hilo ni hasara.

Usibahatishe. Tovuti za Blu-ray.com na DVDCompare huonyesha ukanda wa diski toleo kwa toleo, kwa sababu watumiaji hujaribu wenyewe. Tafuta toleo kamili: kampuni, mwaka, nchi.

Onyo la "inasoma kanda zote". Deki nyingi za Blu-ray zinazouzwa kwa maneno hayo zimefunguliwa upande wa DVD peke yake. Ukimuuliza muuzaji kama inasoma kanda zote atasema ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Uliza hivi: inasoma Blu-ray ya ukanda A? Kisha mwombe aijaribu mbele yako.

Wanaotumia kompyuta: kiendeshi cha DVD huruhusu kubadilisha ukanda mara 5 tu, baada ya hapo hubaki kwenye ukanda wa mwisho. Usibonyeze "ndiyo" kila inapouliza.

Bado kuna suala la PAL na NTSC kwa DVD, mifumo miwili tofauti ya picha za runinga. Marekani hutumia NTSC, sisi PAL. Runinga bapa za leo husoma zote mbili. Kama bado una runinga ya kichogo inayojua PAL peke yake, DVD ya Marekani itakutolea picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Tatizo hapo ni la runinga, usiirudishe diski dukani.

Umefaulu ukiwa umeandika kwenye daftari ukanda wa deki yako kwa DVD na kwa Blu-ray, kila mmoja peke yake.

## Hatua ya 3: Andika taarifa za filamu kabla ya kuitafuta

Kabla hujaangalia bei, andika mambo manne: mwaka wa filamu, urefu wake kwa dakika, umbo la picha (upana wake ukilinganishwa na kimo chake), na kama ni ya rangi au nyeusi na nyeupe. Haya ndiyo utakayoyalinganisha na kava.

Tuchukue The African Queen ya 1951, ya John Huston, iliyopigwa Kongo na Uganda. Dakika 105, rangi za Technicolor, umbo la picha 1.37 kwa 1. Sasa ukikuta DVD ya Uingereza imeandikwa dakika 101, usikimbie. DVD za PAL huendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu hupungua muda kwa asilimia 4 bila kukatwa hata fremu moja. Casablanca ya dakika 102 huwa 98. Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutoka 1962, huwa 151 badala ya 157. Zidisha dakika halisi kwa 0.96. Ukipata namba ya kwenye kava, uko salama. Ikiwa chini zaidi ya hapo, kuna kitu kimekatwa. Blu-ray hazina tatizo hili, dakika zake zinapaswa kuwa zilezile za sinema.

Umbo la picha lina kanuni rahisi ya kukariri. Kabla ya 1953, karibu kila filamu ya Hollywood ilikuwa na picha inayokaribia mraba. Mwaka huo CinemaScope, mfumo wa picha pana, ilianza, na picha zikapanuka. Kwa hiyo filamu ya 1942 inayojaza runinga pana nzima imekatwa juu na chini, karibu robo ya picha imetupwa. Vichwa hukosa nywele, na ngoma hukosa miguu. Kuna filamu chache zilizotangulia wakati wake, kama The Big Trail ya 1930 yenye John Wayne, iliyopigwa pia kwa mkanda wa milimita 70. Hizo zinahesabika.

Kwa filamu za baada ya 1953 hatari iko kinyume. DVD nyingi za zamani zilipunguza picha pana ili ijaze runinga za kichogo. Filamu ya 2.35 kwa 1 iliyofanyiwa hivyo imepoteza zaidi ya asilimia 40 ya upana wake. Mtu anazungumza, anayemjibu haonekani.

Mwisho, chunguza kama filamu ina matoleo zaidi ya moja ya uhariri. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, ina matatu: lililoonyeshwa sinema, la majaribio lililo refu kuliko hilo, na lililohaririwa upya mwaka 1998 kwa kufuata maelekezo ambayo Welles mwenyewe aliyaandika kwa studio. The Gold Rush ya Chaplin ni ya 1925, bila sauti. Mwaka 1942 Chaplin aliihariri upya, akaifupisha na kuweka sauti yake ya msimulizi. Ukinunua bila kujua, utabishana na rafiki yako kuhusu filamu mbili tofauti zenye jina moja.

## Hatua ya 4: Chunguza nakala ilitoka wapi

Hapa ndipo ubora unapoamuliwa. Diski ya 4K iliyotengenezwa kutoka nakala mbovu itakuonyesha ubovu kwa ukali zaidi.

Kitu cha kwanza cha kuuliza: je, haki miliki ya filamu hii iliisha? Sheria za Marekani za wakati huo zilidai tangazo la haki miliki kwenye filamu na kuihuisha haki hiyo baada ya miaka 28. Waliosahau walipoteza. It's a Wonderful Life ya 1946 haikuhuishwa mwaka 1974, na kwa miaka kama 20 yeyote aliweza kuiuza, mpaka haki za hadithi na muziki zilipotumika kuirudisha. Night of the Living Dead ya 1968 ilipoteza haki tangu siku ya kwanza, kwa sababu jina la filamu lilibadilishwa na kadi mpya ya jina ikatoka bila tangazo. His Girl Friday ya 1940 na Charade ya 1963 ziko kwenye kundi hilohilo.

Filamu za namna hiyo ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi 20 au 50 kwenye kasha moja. Karibu zote ni nakala ya nakala. Chukua Night of the Living Dead: kwenye diski za bei rahisi usiku wake ni uji wa kijivu, huoni mikono ya wafu dirishani. Kisha jumba la makumbusho la MoMA na taasisi ya The Film Foundation wakaikarabati kwa 4K kutoka negativu asili, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, Criterion wakaitoa 2018. Mbao zilizogongelewa madirishani zinaonekana hadi nyufa zake. Filamu ni ileile, ya mwaka uleule.

Kwa hiyo tafuta maneno yanayotaja chanzo. "New 4K restoration from the original camera negative" ni kauli nzito, kampuni makini haiiandiki bila kazi kufanyika. Inayosema "digitally remastered" peke yake haijasema kitu, hata nakala ya kanda ya VHS ikipitishwa kwenye kompyuta yaweza kuandikwa hivyo. Negativu isipokuwepo, chanzo kinachofuata bado chaweza kuwa kizuri sana. Negativu ya Citizen Kane ya 1941 iliteketea kwa moto, waliokarabati wakatumia nakala bora zilizobaki, na matokeo ni ya kupendeza.

Filamu za Technicolor zina kipimo chao. Kamera yake ilipiga mikanda mitatu kwa wakati mmoja, na kila mkanda ulibeba sehemu yake ya rangi. Mikanda hiyo ikikauka na kusinyaa kwa viwango tofauti, haikai sawa ikipangwa pamoja, na utaona ukingo mwekundu au wa kijani kuzunguka nyuso na nguo. Ukarabati mzuri huipanga upya kwa kompyuta. Kwa The African Queen kazi hiyo ilifanyika kutoka mikanda asili, na Wamarekani walisubiri hadi Machi 2010 kupata DVD na Blu-ray yake rasmi.

Onyo la picha laini kupita kiasi. Filamu halisi ina punje ndogo zinazocheza kwenye picha. Hizo ndizo picha yenyewe. Baadhi ya matoleo huzifuta ili picha ionekane "safi", na nyuso hutoka kama nta. Blu-ray ya Patton ya 2008 ililalamikiwa sana kwa hilo, ikatolewa upya 2012. Ukikuta filamu yenye matoleo mawili ya hivyo, chukua jipya. Tovuti ya DVDBeaver huweka picha za matoleo bega kwa bega; angalia ngozi na nywele.

Epuka pia filamu nyeusi na nyeupe zilizopakwa rangi baadaye. Mpiga picha alipanga taa kwa vivuli, na kivuli kilichopakwa hudhurungi kimekufa. Kava likisema "in color" kwa filamu ambayo daftari lako limeandika nyeusi na nyeupe, liache. Likisema zote mbili zimo, hakuna ubaya.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu: nataka toleo la kampuni fulani, la mwaka fulani, kutoka chanzo fulani.

## Hatua ya 5: Soma nyuma ya kava

Geuza kasha, au kuza picha ya nyuma kama unanunua mtandaoni. Muuzaji asiyeonyesha picha ya nyuma, mwombe. Akikataa, tafuta mwingine.

Tafuta umbo la picha kwanza. "1.37:1" au "1.33:1" kwa filamu za kabla ya 1953 ni sawasawa. "Full Screen" kwa filamu ya CinemaScope ni kukatwa. "Enhanced for 16:9" kwenye DVD ya picha pana ni nzuri. "Letterboxed" bila maneno hayo humaanisha picha ndogo iliyozungukwa na weusi pande zote nne.

Angalia dakika, zilinganishe na daftari. Angalia ukanda. Angalia kama kuna "English SDH", maandishi ya chini ya Kiingereza kwa wasiosikia vizuri. Usitarajie maandishi ya chini ya Kiswahili kwenye diski hizi, lakini maandishi ya Kiingereza yanasaidia sana, maana waigizaji wa miaka ya 1930 na 1940 huongea kwa kasi na sauti za wakati ule ni nyembamba. Diski za bei ya kutupa mara nyingi hazina maandishi kabisa.

Kuhusu bei: duka la Barnes & Noble la Marekani kwa miaka mingi limekuwa likiuza diski za Criterion kwa nusu bei mwezi Julai na Novemba. Mtumaji wako akiwa Marekani na deki yako inasoma ukanda A au 4K, subiri miezi hiyo.

## Hatua ya 6: Kagua diski mkononi

Washa tochi, inamisha diski, tazama pete ya katikati upande usio na picha. Diski ya kiwandani ina maandishi madogo yaliyochongwa humo, na mara nyingi utaona herufi "IFPI" zikifuatwa na namba. Jina la filamu limechapwa juu ya diski yenyewe. Ukikuta kibandiko cha karatasi, hiyo ni ya kuchomwa.

Rangi ya upande wa kusomea ni fedha kwa DVD za kiwandani. Ikiwa zambarau au ya kibuluu, imechomwa. Hapo usihukumu haraka: Warner Archive, iliyoanza 2009, iliuza DVD rasmi za kuchomwa kwa filamu ambazo wateja wake ni wachache. Ni halali kabisa, ila deki nyingine kongwe huzikataa.

Mikwaruzo ya DVD si mwisho wa mambo, kwa sababu data imekaa katikati ya unene wa diski na juu yake kuna plastiki inayoweza kusuguliwa na fundi. Blu-ray ni tofauti. Data yake iko sehemu ya kumi tu ya milimita chini ya uso. Uso wake ni mgumu na hauchubuki ovyo, lakini mkwaruzo mzito ukiingia hauna dawa. Usinunue Blu-ray yenye mkwaruzo unaokwamisha ukucha.

Kwa wanunuzi wa mitumba: Warner Bros. imekiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 huharibika zenyewe kadiri miaka inavyopita, hata zikitunzwa vizuri. Mara nyingi huwezi kuona kwa jicho. Zinunue pale tu unaporuhusiwa kurudisha.

## Hatua ya 7: Panga runinga na deki

Runinga hutoka dukani ikiwa imepangwa kung'aa chini ya taa za duka. Mipango hiyo inaharibu filamu za zamani kuliko nyingine zote.

1. Chagua picha ya "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". Rangi zitaonekana za njano kidogo kwa dakika chache za mwanzo. Vumilia, macho yatazoea, na weupe wa filamu nyeusi na nyeupe utaacha kuwa wa buluu.

2. Zima kulainisha mwendo. LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow, Samsung nyingi huita Auto Motion Plus. Ikiwaka, runinga hubuni fremu ambazo hazikupigwa, na Humphrey Bogart, nyota wa Casablanca, anatembea kama yuko kwenye tamthilia ya runinga.

3. Weka ukubwa wa picha kwenye "Original", "Just Scan" au "Screen Fit", kutegemea runinga. Usitumie "Zoom" wala "Stretch".

4. Kwenye deki, tafuta "TV aspect" uweke 16:9, na kama runinga yako ni 4:3 uweke "Letterbox".

5. Kwa Blu-ray na 4K, washa "24p" kwenye deki. Filamu ilipigwa fremu 24 kwa sekunde, na kamera ikisogea taratibu utaona tofauti.

6. Shusha "Sharpness" karibu na sifuri, na uzime "Noise Reduction". Vyote viwili hupigana na punje tulizozizungumzia.

Onyo la weusi wa pembeni. Filamu ya 1.37 kwenye runinga pana lazima iwe na weusi kushoto na kulia. Filamu ya CinemaScope lazima iwe na weusi juu na chini. Familia italalamika kwamba runinga "haijai". Usikubali kuivuta. Waeleze kwamba picha yote iko pale, hakuna kilichofichwa.

Kipimo cha mafanikio: simamisha filamu mahali penye gurudumu, saa ya ukutani au mwezi. Likiwa duara kamili, umepatia. Likiwa yai, rudi namba 3 na 4.

## Hatua ya 8: Jaribu diski siku inapofika

Futa diski kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data nyingi zilizofuatana, na deki hushindwa kuijaza sehemu iliyopotea.

Tazama dakika kumi za mwanzo. Kisha ruka hadi katikati, tazama dakika tano. DVD nyingi zina tabaka mbili, na deki hubadilisha tabaka karibu na hapo. Kusita nusu sekunde ni kawaida, kuganda si kawaida. Kisha ruka hadi dakika 20 za mwisho. DVD ya tabaka moja husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa filamu hukaa upande wa ukingo, mahali vidole hushika na uharibifu huanzia; ya tabaka mbili kwa kawaida hufika upande huo katikati ya filamu, kisha hurudi ndani. Watu wengi hutazama mwanzo, wanaridhika, na hugundua diski mbovu baada ya miezi mitatu wakifika kwenye busu la mwisho.

Ikigoma, fuata mpangilio huu kabla ya kulaumu muuzaji: jaribu deki nyingine, futa tena, kwa Blu-ray na 4K, sasisha programu ya deki kupitia intaneti au flashi, kwa sababu diski mpya wakati mwingine huhitaji programu mpya. Ujumbe wa ukanda ukitokea, diski ni nzima na hatua ya 2 ndiyo iliyorukwa. Deki nyingine za DVD za bei nafuu hufunguliwa kwa namba za siri za rimoti zinazotofautiana modeli kwa modeli. Fundi anayeijua modeli yako atalimaliza mara moja.

Kwa wanaoishi pwani, unyevu na chumvi ni adui wa kweli. Ukungu huota kwenye karatasi ya kava kwanza, kisha hutambaa hadi kwenye diski. Simamisha makasha kama vitabu, mbali na ukuta wa nje, na uyafungue yapate hewa kila baada ya miezi michache. Usiache diski ndani ya gari juani.

Piga picha ya risiti na ya nyuma ya kava siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa risiti hufutika na muda wa kurudisha hauongezwi.